Korosho Nyingi, Maisha Yasiyotulia



Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei wa Mkotokuyana,

Wenzetu wa pwani hutegemea mnazi. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tegemeo letu ni mkorosho. Leo tujiulize: mavuno ya taifa yakiongezeka, je, maisha ya mkulima hutulia?

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Katika miaka hiyohiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali. Bei ikadidimia, kisha ubwiri unga ukashambulia maua. Kufikia 1986/87 hazikupatikana hata tani 20,000. Salfa na bei bora viliifufua mikorosho, na msimu wa 2017/18 tukavuka tani 300,000. Msimu uliofuata tulishuka hadi tani kama 225,000. Ndio msimu ambao wakulima waliikataa bei ya mnada; Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani 500,000.

Basi tusidanganywe na jumla. Tani za taifa hazimlishi mjane katika mwaka ambao bei imeanguka. Mwenye akiba huuvuka mwaka mbaya. Asiye nayo huuza kwa kangomba kabla ya msimu, jasho lake likamnufaisha mwingine. Hapo suala la bei huwa suala la haki. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo wapate kumnyonya maskini. Na tuambiane ukweli: baadhi ya wanunuzi wa kangomba tunapeana nao amani kila Jumapili.

Nawasihi mambo matatu. Kwanza, tuhudhurie mikutano ya chama cha msingi, tusomewe hesabu, na kila makato yaelezwe. Pili, jumuiya ndogo ndogo zianzishe mfuko wa akiba wakati wa mauzo, kama Yosefu alivyoweka nafaka katika miaka ya shibe, ili mwenye shida ya ada au ugonjwa akopeshwe asiuze korosho zikingali mtini. Tatu, tusiuache muhogo, mtama na mbaazi kwa kuitumainia korosho peke yake.

Bei ya dunia hatuitawali. Lakini kumwacha jirani aanguke peke yake, hilo ni chaguo letu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yetu. Amina.