Ugonjwa Ukibisha Hodi Tarbaj

 Msikilizaji wa Tarbaj, leo tuna neno moja: ukiona ugonjwa usiouelewa, toa taarifa mapema.

Unakumbuka Machi 2020, korona ilipoingia Kenya. Misikiti ilifungwa, tukaswali nyumbani. Wengi waliuliza: nani anasimamia haya? Wizara ya Afya iliyoko Nairobi hutoa mwongozo. Lakini kwa Katiba ya 2010, zahanati na hospitali za mashinani ni kazi ya kaunti. Kwetu sisi, Kaunti ya Wajir.

Kaunti haina macho katika kila manyatta. Macho yake ni mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba hadi nyumba na mkoba wake. Yeye humwarifu muuguzi wa zahanati. Habari hufika kwa maafisa wa afya wa kaunti ndogo, kisha Wajir mjini. Asipoambiwa mhudumu huyo, Wajir hawajui.

Mama, baba, nawe mchungaji uliye kisimani: watu wawili wakiharisha maji matupu nyumbani, msingoje Ijumaa. Mgonjwa apelekwe zahanati, na mhudumu aambiwe leo. Humfahamu? Muulize chifu. Toa taarifa mapema.