Anayelia Anaweza Kungoja

Kati yenu munaoleta watoto kwa kilo, kuna wake wa askari wa boloko. Leo nasema nao zaidi, lakini mwenye bwana mulimaji asikilize pia, sababu panga linakata popote.

Ugomvi ukitokea boloko, askari anakuta watu watatu chini. Mumoja analia sana juu ya mukono uliovunjika. Wa pili ananyamaza, na damu inaruka-ruka kutoka kwa paja. Wa tatu amezimia, lakini anapumua. Aanze na nani? Wengi wanakimbilia yule wa makelele. Hapana! Anayelia anapumua. Damu ya paja inaweza kumaliza mutu kwa dakika chache, gari haijafika. Huyu kwanza, hata akiwa mufungwa, na anayelia akiwa ni askari. Tunatazama kidonda, hatutazami nguo.

Lakini kisu kiondolewe kwanza kwa wenye kupigana. Askari aliyechomwa hasaidii mutu. Funika mikono yako na mifuko ya plastiki. Weka kitambaa safi, kandamiza kwa mikono miwili na uzito wote wa mwili. Usiinue kuchungulia. Damu ikipita, ongeza kitambaa juu, kandamiza zaidi. Kisu kilichobaki ndani ya mwili usikitoe.

Damu ya mukono ao muguu ikikataa kusimama, funga juu ya kidonda, vidole vinne hivi, si kwenye kiungo. Tumia kipande cha kikwembe chenye upana wa vidole vitatu. Kamba nyembamba inakata nyama. Ingiza kijiti, zungusha mpaka damu isimame. Ataumia sana. Usilegeze juu ya huruma! Andika saa, hata kwenye paji la uso.

Kiisha yule aliyezimia: mugeuze kwa ubavu, kichwa na mwili pamoja, matapishi yasizibe pumuzi.

Na watoto? Mutu muzima ana damu karibu lita 5. Mutoto wa kilo 10 ana karibu mililita 800, haijazi chupa ya lita moja. Damu inayoonekana kidogo kwa baba ni nyingi kwa mutoto. Musiweke udongo, majani wala kahawa. Musimunyweshe kitu. Mufunike blanketi, mumulete mbio, mukono wa mama ukiendelea kukandamiza njiani mpaka muuguzi aupokee.