Siku ya Kumwona Mzazi ni Haki ya Mtoto



Nazungumzia amri ambayo mahakama zetu huitoa na ambayo huvunjwa bila mvunjaji kuonekana mkosaji. Ndoa imevunjika, mtoto amebaki kwa mama, na hakimu ameamuru baba amwone kila mwisho wa wiki. Jumamosi baba anafika, anaambiwa mtoto anaumwa. Wiki inayofuata, amepelekwa kwa bibi Morogoro. Ya tatu, simu haipatikani. Pengine anayesubiri ni mama: mtoto alikwenda kwa baba likizo ya Desemba, shule zimefunguliwa, hajarudishwa, na kumbe ameshaandikishwa shule nyingine mkoani.

Majirani husema hayo ni mambo ya kifamilia. Mimi nasema ni dhuluma, na anayedhulumiwa kwanza ni mtoto.

Tusome sheria. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana au kuachana haki tatu: kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango alichokizoea, kuishi na mzazi ambaye mahakama inaona anaweza kumlea vyema, na kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye kila apendapo, mradi masomo yasivurugike. Mwenye haki hapo ni mtoto. Mzazi anayefunga geti akidhani anamkomoa mtalaka wake, anamkomoa mwanawe.

Ndiyo maana siwakubalii wanaosema, “Hatoi matunzo, basi hamwoni mtoto,” wala wanaojibu, “Simwoni mtoto, nilipe ya nini?” Kauli zote mbili zinamweka mtoto rehani. Asiyetoa matunzo apelekwe mahakamani kwa kutotoa matunzo. Anayemzuia mtoto naye ajibu kwa kumzuia.

Meno ya sheria yapo. Kanuni ya Adhabu inafanya kukaidi amri halali ya mahakama kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 2. Wenzetu wa California, Marekani, wamelitaja jambo lenyewe kwa jina. Kifungu cha 278.5 cha sheria yao ya jinai kinamhusu anayemficha au kumzuilia mtoto kwa nia mbaya, awe amemnyima mwenzake ulezi au haki ya kumtembelea mtoto. Adhabu yaweza kufika miaka 3. Lakini kifungu cha 278.7 kinamlinda anayeamini kwa dhati kwamba mtoto yumo hatarini, mathalani mama anayekimbia kipigo. Sharti lake ni kwamba atoe taarifa kwa mwendesha mashtaka na afungue shauri la ulezi ndani ya muda unaofaa. Hilo ni somo kwetu: mwenye hofu ya kweli huipeleka hofu yake mahakamani, na mahakama nayo iwe tayari kumsikiliza siku hiyohiyo.

Hata hivyo, jela isiwe hatua ya kwanza. Mtoto wa miaka mitano atakayemwona mama yake akipelekwa rumande hatatuelewa. Pia shauri likiahirishwa miezi sita, mtoto wa miaka miwili atakuwa amemsahau baba yake. Kinachotakiwa ni haraka. Ombi la kutekeleza amri lisikilizwe ndani ya wiki mbili. Siku zilizopotea zifidiwe kwa siku nyingine. Penye ugomvi, mtoto akabidhiwe mbele ya afisa ustawi wa jamii. Adhabu imngoje anayeendelea kukaidi baada ya hayo yote.

Waheshimiwa mahakimu, mnaweza kuanza kesho bila kusubiri Bunge. Amri inayosema tu “baba amwone mtoto kwa wakati unaofaa” inawarudisha wazazi ulingoni. Andikeni siku, saa, mahali, nani anampeleka mtoto na nani anamrudisha, na likizo zitagawanywaje. Amri ya namna hiyo kila mtu ataijua ilipovunjwa na aliyeivunja.