Povu Linalobeba Madini
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira)



Mlituomba tuzungumze juu ya sabuni, na wengine mlidhani tutafundisha kupika sabuni ya kuuza. Hiyo tutaifanya siku nyingine. Leo twataka kueleza jinsi sabuni na jamaa zake wanavyotenganisha madini na mawe, kwa maana vijana wetu wengi wanashuka Migori kutafuta dhahabu, na baadhi wamerudi na habari za "dawa ya povu", wakiomba kikundi kichange pesa.

Kwanza tuanze jikoni. Nyunyiza masizi ya sufuria juu ya maji kwenye bakuli. Yataelea. Nyunyiza udongo, utazama. Masizi hayapendi maji, ndiyo sababu. Ni kama jani la mgomba wakati wa mvua, matone yanabingirika tu bila kulilowesha. Sasa tia tone la sabuni. Masizi yanalowa, yanashuka.

Sabuni ina chembe zenye ncha mbili, moja yapenda maji, nyingine yapenda mafuta. Wataalamu huziita chembe hizi safakitanti. Hapo jikoni zimeyafanya masizi yakubali maji. Kiwandani hufanya kinyume. Mawe husagwa kama unga, yakachanganywa na maji, kisha hutiwa zanthati. Ncha moja ya zanthati hushika punje ya madini yenye salfa, ile nyingine hubaki nje na kukataa maji. Hewa ikipulizwa, punje hiyo hung'ang'ania kipovu na kupanda nacho. Mafuta ya msonobari huzuia povu lisipasuke upesi. Juu hukwanguliwa kama malai ya maziwa. Mawe matupu hubaki chini.

Mfano wa karibu ni Kilembe, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Kuanzia 1956 shaba iliyotengwa kwa povu ilisafirishwa kwa garimoshi hadi Jinja kuyeyushwa. Lakini rundo la unga wenye salfa na kobalti lilibaki Kasese, na mvua ikalisomba likapeleka asidi hadi mbuga ya Queen Elizabeth. Ni mwaka 1999 ndipo kiwanda kilianza kulitumia kupata kobalti. Povu si uchawi jamani, matope yake lazima yawe na mahali pa kwenda.

Tusiseme ni baya. Zebaki, ile vijana wanaita makyuri, ni mbaya zaidi. Wanaikanda kwa mikono mitupu, halafu wanaichoma, pengine jikoni penyewe, na moshi wake unaharibu ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kuipunguza, katika mkataba wa Minamata. Povu linaweza kukusanya dhahabu bila zebaki, ndiyo maana twalizungumzia.

Hata hivyo, kabla hamjatoa hata shilingi, ulizeni kama mawe ya shimo hilo yamepimwa maabara. Mawe ya juu yaliyooza kwa hewa na mvua hayashikwi vizuri na zanthati. Mtasaga, mtapuliza, na dhahabu itabaki matopeni. Ulizeni pia zanthati itawekwa wapi. Ikipata unyevu au joto hutoa mvuke wa sumu unaoshika moto upesi, na ikifika mtoni huua samaki. Si kitu cha kuweka chini ya kitanda.

Na kwa kijana mwenye karai tu, tone la sabuni linamfaa leo hii. Dhahabu laini ikiguswa na mafuta ya mikono huelea na kumwagika na maji, kama yale masizi. Sabuni huizamisha. Tone moja linatosha. Akizidisha atapata povu jingi na hataona kitu.

Bakuli na masizi tumemwachia katibu. Anayetaka kujaribu amwone baada ya kikao.