Zambia Yalitazama Jua



Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame uliokuwa umeikumba nchi yake ni janga la taifa. Mahindi yalikuwa yamekauka, lakini balaa hilo halikuishia mashambani. Maji ya Ziwa Kariba, nyuma ya bwawa lililokamilika mwaka 1959 katika mto Zambezi, yalipungua hata mitambo ikakosa maji ya kuizungusha. Nchi hiyo jirani ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutokana na nguvu za maji. Kabla mwaka haujaisha, yalikuwapo maeneo yaliyokaa gizani zaidi ya saa 17 kwa siku.

Wenye migodi ya shaba waliweza kununua umeme kutoka nchi za nje. Mwenye bucha hakuweza. Nyama iliharibika, mchomeleaji alikaa kitako mchana kutwa, na mwenye kinu cha kusaga aliamka usiku wa manane kuwangojea wateja, kwa kuwa ndiyo saa aliyogawiwa. Jenereta ilikuwapo, lakini dizeli ilimeza faida yote. Ndipo watu walipoanza kupanda juu ya mapaa yao na kufunga mabamba ya umeme wa jua.

Faida yake haina ubishi. Bamba zuri hudumu miaka ipatayo 25, halinywi mafuta, na hutoa umeme mwingi mchana, saa ambazo biashara nyingi hufanya kazi. Mwenye ofisi au duka la dawa amepata nafuu ya kweli.

Hata hivyo, wako waliojuta. Mfanyabiashara hufunga mabamba yaliyoungwa na gridi bila betri, akidhani ameepukana na mgao. Gridi inapozimika, mtambo wake nao huzimika papo hapo. Haukuharibika: umeundwa hivyo kwa makusudi, ili umeme wa paani usirudi katika nyaya na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Muuzaji asiyeyaeleza hayo kabla ya kupokea fedha anastahili jina baya kuliko la mfanyabiashara.

Aliyenunua betri naye ana mashaka yake. Betri za risasi hazitaki kumalizwa. Zikizoeshwa kutumiwa kupita nusu, hufa mapema, hasa katika chumba chenye joto. Za lithiamu hustahimili zaidi, lakini bei yake humshinda mnyonge. Mota ya kinu nayo, wakati wa kuanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokwisha kushika mwendo. Fundi asiyepiga hesabu hiyo humwachia mteja mtambo unaowasha taa vizuri na kushindwa kusaga hata debe moja. Lipo pia suala la fedha: mabamba mengi hutoka China, na anayekopa kwa dola ilhali anauza kwa kwacha huona deni likikua kila kwacha inaposhuka.

Tena ni mali inayolala nje, juu ya paa. Askari wa doria anajua maana yake. Mwenye mali asiyeandika namba za mabamba yake huwapa Polisi kazi ngumu ya kuthibitisha kuwa bamba lililokamatwa ni lake.

Serikali ya Zambia haikukaa kimya. Mwezi Juni 2025 kituo cha umeme wa jua cha Chisamba, chenye uwezo wa megawati 100, kilizinduliwa. Umeme huo huwezesha maji ya Kariba kuhifadhiwa mchana. Jua likishatua, mzigo huirudia Kariba, na Kariba hungoja mvua.