KUONDOA MWANI WENYE SUMU KATIKA MAJI YA KUNYWA



Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm, jimbo la Queensland nchini Australia, wakaazi walilalamika kwamba maji ya bwawa lao yana harufu na ladha mbaya. Bwawa lilikuwa limeota mwani wa rangi ya kijani na buluu. Likatiwa mrututu ili mwani ufe, na mwani ukafa. Siku chache baadaye watoto walianza kutapika na maini yao kuvimba. Walougua walikuwa watu 148, na kati yao 138 ni watoto.

Mwani huu si ule unaolimwa pwani. Ni vijidudu vya jamii ya bakteria, vinavyozaana upesi katika maji ya joto yaliyotuama, hasa yanapoingiwa na mbolea au maji taka. Kwa aina nyingi, sehemu kubwa ya sumu hukaa ndani ya chembe za mwani. Chembe ikipasuka, sumu humwagika na kuyeyuka katika maji, na hapo chujio la mchanga peke yake halitoshi kuizuia. Mrututu wa Palm ulipasua chembe hizo ndani ya bwawa ambalo watu waliendelea kunywa maji yake.

Kwa hiyo mtambo hutakiwa kuutoa mwani ukiwa mzima. Maji huvutwa kutoka chini ya utando unaoelea, hutiwa shabu ili chembe zigandamane na kuzama, kisha huchujwa. Klorini hufuata baada ya kuchuja, si kabla. Tope la chini nalo lisiachwe muda mrefu, kwani mwani huoza humo na kurudisha sumu majini. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Sumu iliyokwisha kuyeyuka huondolewa kwa unga wa makaa yaliyotengenezwa maalumu kwa kunasa sumu. Kwa mikrosistini, ambayo ni sumu ya ini, Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa siku zote.

Kuchemsha hakuondoi sumu hii, bali huweza kupasua chembe zilizosalia. Mwananchi atakayeona utando wa kijani juu ya bwawa au tangi anaombwa asiyatumie maji hayo kwa kunywa wala kupikia, awazuie watoto na mifugo, na atoe taarifa kwa ofisi ya maji siku hiyo hiyo.