Skana ya Mezani na Skana ya Mtandaoni: Tahadhari kwa Wanaohifadhi Nyaraka za Wabajuni

Niliombwa nianze na misingi, nayo mnaijua. Skana ya ndani imechomekwa kwenye kompyuta yako. Ya mtandaoni inafikiwa kwa waifai au kupitia kompyuta ya mwingine. Tuishie hapo, maana taabu iko kwingine: programu haikwambii ipi ni ipi.

Kwenye Linux, kazi ya kuskani hupitia mfumo uitwao SANE. Ukiiuliza kuna vifaa gani, kwa kila kimoja hukupa mambo manne: jina, mtengenezaji, modeli na aina. La tano, la kusema kimeunganishwa vipi, halipo. Kweli, programu inaweza kuomba vifaa vya ndani pekee, lakini kila kiendeshi hujiamulia maana ya "ndani". Kiendeshi cha net hujibu kwa uaminifu: orodha tupu. Kiendeshi kingine, sane-airscan, huhesabu vifaa vyake vyote kuwa vya mtandao, ila kina mpangilio wa kudai kwamba ni vya ndani. Upo kwa sababu ya haki: saned, inayogawa skana kwa kompyuta nyingine, hutafuta vya ndani tu. Lakini ukishawashwa, jibu haliaminiki tena.

Kinyume chake kipo pia, na ndicho kinachonichosha. Programu iitwayo ipp-usb huchukua skana iliyochomekwa kwa USB na kuihudumia kama ya mtandao, kwa anwani 127.0.0.1, yaani kompyuta hiyohiyo. Mashine iliyo mbele yako inaitwa ya mbali! Ikiwa na waifai pia, huweza kuorodheshwa mara mbili, na mtu hubofya ya juu.

Siwalaumu waandishi wa programu, wengi wao wanajitolea. Ila karatasi zetu ni vyeti vya ndoa vya kadhi na barua za ukimbizi za Wabajuni wa Chula, Koyama na Ras Kamboni, pwani ya kusini mwa Somalia, waliotawanyika tangu vita vya 1991. Picha inayopita kwa saned haisimbwi. Na karatasi iliyosahauliwa kwenye kioo cha skana ya mtandao isiyo na nenosiri inaweza kuvutwa na mtu aliye chumba kingine.

Napendekeza, kwanza, tuskani kwa kebo, waifai ya skana ikiwa imezimwa. Pili, msimamizi aandike jina kamili la kifaa, si modeli tu. Tatu, saned isiwashwe pasipo haja. Nne, waandishi wa programu waonyeshe anwani kando ya jina, na 127.0.0.1 waitambue kuwa ni hapa. Tano, SANE iongezewe lile jambo la tano. Sita, kioo kifunuliwe na kukaguliwa kila mwenye karatasi anapoondoka. Saba, narudia: waifai ya skana izimwe. Nane, wafadhili waulizwe kuhusu sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Somalia ya 2023, kabla ya kutuletea mashine za kugawana ofisi nzima.